Honi ikinyamaza Oraba, usikimbilie kununua nyingine

Noah ilikuwa imebeba makreti ya nyanya, katoni za sabuni na magodoro mawili yaliyofungwa juu ya keria. Tulitoka Arua kabla jua halijachomoza, abiria wanne na dereva, tukitaka kuvuka Oraba mapema, kabla foleni ya malori haijawa ndefu. Nyanya zilikuwa za hajati mmoja aliyeketi nyuma yangu. Kila mara gari lilipoyumba aligeuka kuzitazama, kama mtu aliyempakata mtoto wa jirani.

Tulipoingia Koboko dereva alibonyeza honi ili kumwonya mwendesha bodaboda aliyekuwa akikata barabara bila kugeuza shingo. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Alisimama pembeni, na kijana mmoja anayetengeneza magari kando ya barabara akafungua kisanduku cha fyuzi, akachomoa moja iliyokatika, akaweka nyingine. Honi ikalia mara mbili, tukamlipa, tukaondoka. Hatukufika mbali. Gari liliruka kidogo kwenye tuta, na dereva alipojaribu tena honi ilikuwa imekwisha kunyamaza. Fyuzi mpya nayo ilikuwa imekatika.

Safari hii abiria mwenzetu alijitolea kusaidia. Alichuna kipande cha waya, akatoa nyuzi chache za shaba, akazisokota na kuzichomeka mahali pa fyuzi. Hii haikatiki tena, akasema. Alisema kweli, haikukatika. Kilomita chache mbele, dereva alipopigia honi mbuzi waliolala barabarani, moshi ulianza kutoka chini ya boneti, na hata alipoondoa mkono kwenye usukani moshi uliendelea. Kilichotuokoa ni kwamba kichwa cha betri kilikuwa kimelegea. Dereva alikichomoa kwa mkono, akaungua vidole, moshi ukakoma. Tungekuwa na betri iliyokazwa vizuri na spana isiyoonekana, habari hii ingekuwa nyingine.

Tulikaa pale hadi alasiri. Nusu ya nyanya hajati aliziuza kando ya barabara kwa bei ya anayekuona umekwama.

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu honi ni kitu ambacho wafanyabiashara wengi wa mpakani hawakiulizii. Tunauliza breki, matairi, bima na karatasi za forodha. Honi tunaiona kama jambo la dereva. Lakini mpaka huu una sababu yake ya pekee ya kuitaka honi.

Mahali gari linapohama upande

Lami ya kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba ina urefu wa kilomita 92, na yote unaiendesha ukiwa upande wa kushoto, kama ilivyo Uganda, Kenya na Tanzania. Ukivuka na kuingia Kaya, Sudan Kusini, unahamia kulia. Sudan ilihama kutoka kushoto kwenda kulia mwaka 1973, na Sudan Kusini ilipojitenga mwaka 2011 ilibaki hivyo hivyo. Kongo nako ni kulia. Kwa hiyo katika kona hii ya West Nile, ambako nchi 3 zinakutana, kuna magari yanayobadilisha upande kila siku, na madereva ambao mikono yao bado inakumbuka upande walioutoka.

Magari mengi tunayokodi upande wa Uganda yametoka Japani yakiwa yametumika, na usukani wake uko kulia. Ukiwa Kaya, unaendesha upande wa kulia ilhali umeketi kulia, yaani ukingoni mwa barabara. Ukitaka kulipita lori lililo mbele yako huoni kinachokuja. Lazima mtu wa kiti cha kushoto achungulie akwambie, au usogeze gari zima nje ndipo uone. Ongeza vumbi la barabara ya udongo inayokwenda Yei, ambalo wakati wa kiangazi huficha lori zima na shehena yake ya mbao za msaji. Hapo honi ndiyo jicho lako la pili. Dereva wa lori asiyekuona kwenye kioo bado anaweza kukusikia.

Tena polisi wa usalama barabarani akitafuta kasoro, honi ni jambo jepesi kulipima. Anakwambia, piga honi. Basi.

Njia ya umeme ni fupi

Ajabu ya honi ni kwamba mfumo wake ni miongoni mwa mifumo rahisi kabisa katika gari, na bado ndio unaotuibia pesa nyingi kwa kununua vitu visivyohitajika. Mtu honi yake ikinyamaza anakwenda dukani kununua honi. Ni sawa na kununua balbu kila umeme unapokatika mtaani.

Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, hufika kwenye rilei, kisha huenda kwenye honi iliyofungwa mbele karibu na rejeta, na kurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari. Kitufe cha usukani hakibebi umeme huo mkubwa. Kazi yake, katika magari mengi, ni kuiamsha rilei tu: ukibonyeza, waya mwembamba unaotoka kwenye rilei unagusishwa na bodi, sumaku ndogo ndani ya rilei inavuta, na mlango wa umeme mkubwa unafunguka. Honi yenyewe ina koili na kiwambo cha chuma. Koili ikivuta kiwambo, platini hukata umeme. Kiwambo kikirudi, platini hugusana tena. Hilo hutokea mamia ya mara kwa sekunde, na huo ndio mlio. Gari lenye honi 2 huwa na moja ya sauti nene na nyingine ya sauti nyembamba.

Ukishaijua njia hii, swali linakuwa moja: umeme umefika wapi na umekwama wapi? Vifaa vya kulijibu havizidi balbu ya indiketa iliyoungwa nyaya 2. Mafundi wengi wa mpakani wanayo, na wewe unaweza kujitengenezea.

Anza kwa sikio. Washa swichi bila kuwasha injini, mtu mmoja abonyeze honi na mwingine ainamie kisanduku cha fyuzi. Ukisikia "tik", rilei imeamka, maana yake kitufe, usukani na waya mwembamba ni vizima, na tatizo liko kati ya rilei na honi. Usiposikia kitu, geukia fyuzi, rilei au kitufe. Jaribio hilo moja linachukua nusu dakika na linakupunguzia kazi nusu nzima. Ndilo ambalo sisi siku ile hatukulifanya.

Fyuzi usiiamini kwa macho. Weka mguu mmoja wa balbu kwenye bodi, mwingine ugusishe kwenye alama ndogo za chuma juu ya fyuzi, upande huu na upande ule. Balbu ikiwaka pande zote, fyuzi ni nzima. Ikiwaka upande mmoja tu, imekatika. Isipowaka kokote, umeme haufiki hapo kabisa, au sehemu ya bodi uliyogusa ina rangi au kutu. Jaribu chuma kingine kabla hujahukumu.

Rilei ina njia ya mkato. Katika magari mengi ya Japani rilei za kisanduku kimoja hufanana, kwa hiyo unaweza kuichomoa ya kitu kingine na kuiweka mahali pa ya honi. Soma kwanza maandishi yaliyo juu yake, zikilingana, badilisha. Honi ikilia, umepata mgonjwa. Ikikataa, chomoa rilei na uunganishe matundu mawili ya umeme mkubwa kwa waya wenye fyuzi katikati. Chini ya rilei nyingi matundu hayo yana namba 30 na 87, na yale ya sumaku ni 85 na 86. Honi ikilia kwa njia hiyo, honi na waya wake ni vizima, na unajua tatizo liko upande wa rilei au wa usukani.

Fyuzi inayokatika kila mara

Hapa ndipo kisa chetu kilipolala, na nitakaa hapa kidogo.

Fyuzi haikatiki kwa hasira. Inakatika kwa sababu umeme mwingi kupita kiasi umepita, na karibu kila mara sababu ni waya uliochubuka na kugusa bodi. Tazama inakatika lini. Ikikatika pale pale unapoichomeka, bila mtu kugusa kitufe, waya uliogusa uko kabla ya rilei. Ikikaa salama hadi ubonyeze honi, basi hitilafu iko baada ya rilei: kwenye waya unaokwenda mbele au ndani ya honi yenyewe. Chomoa soketi za honi zote, weka fyuzi nzima, bonyeza. Fyuzi ikibaki nzima, honi mojawapo ndiyo mbaya. Zirudishe moja moja utaijua. Ikikatika tena hali honi hazijaunganishwa, usizihangaikie honi, ufuate waya.

Kuufuata waya kwa kuchoma fyuzi moja baada ya nyingine ni gharama, hasa Oraba ambako duka la karibu huenda halina ya ukubwa wako. Mafundi wazuri hufanya hivi: honi zikiwa zimechomolewa, wanachomeka balbu ile ya indiketa mahali pa fyuzi, kisha mtu anashikilia kitufe cha honi. Waya uliogusa bodi ukiwepo, balbu inawaka kwa nguvu, wala hakuna kinachoungua, kwa sababu balbu ya wati 21 kwenye volti 12 haipitishi hata ampia 2. Halafu unatikisa fungu la nyaya taratibu kuanzia kwenye kisanduku kuelekea mbele. Unapofika mahali pabovu balbu inacheza au inazima. Hapo ndipo penyewe.

Kwetu palikuwa nyuma ya taa ya kushoto. Gari lilikuwa limewahi kugonga, likanyooshwa, na waliolinyoosha walirudisha waya wa honi ukipita juu ya ukingo mkali wa bati badala ya kuufunga kwenye kishikizo chake. Kila tuta liliukata kidogo. Honi yenyewe haikuwa na kosa lolote, na iliendelea kulia baadaye.

Kuhusu zile nyuzi za shaba: fyuzi ya ampia 10 hukatika ili waya usiungue. Ukiweka shaba mahali pake, waya ndio unaogeuka kuwa fyuzi, na waya huo umefungwa pamoja na nyaya za taa, injini na wakati mwingine za mafuta. Moshi wetu uliendelea hata baada ya kitufe kuachwa kwa sababu umeme mkubwa ulikuwa umezichomelea platini za rilei zikashikana. Ndani ya gari lililobeba magodoro na watu 5. Dereva akikwambia ameweka "waya tu kwa muda", shusha mzigo wako. Karatasi ya sigara ni hivyo hivyo, na msumari ni mbaya zaidi.

Umeme unafika, honi hailii

Balbu ikigusishwa kwenye soketi ya honi wakati mtu amebonyeza, na ikawaka, umeme umefika. Sasa lawama ni ya honi au ya njia ya kurudi. Watu husahau njia ya kurudi. Honi yenye waya mmoja tu hurudisha umeme kupitia bati lililoifunga kwenye gari, na bati hilo likipakwa rangi au likila kutu, umeme unafika mlangoni na kukosa pa kutokea. Chukua waya, unganisha mwili wa honi na hasi ya betri moja kwa moja. Ikilia, dukani hakuna unachotafuta: fungua boliti, kwangua chuma king'ae, funga tena, umemaliza. Honi dhaifu inayokohoa nayo mara nyingi ni ugonjwa huo huo, au ni betri iliyochoka. Ikiwa inakohoa injini ikiwa imezimwa na inalia vizuri injini ikiwaka, itazame betri.

Isipolia hata kwa njia hiyo, ifungue uipeleke moja kwa moja kwenye betri. Igonge kidogo na mpini wa bisibisi. Vumbi jekundu la Kaya huingia ndani na kuganda, na wakati wa mvua maji ya vijito huliloweka. Nyingine zina skrubu nyuma ya kurekebisha platini. Weka alama ilipokuwa, izungushe robo tu huku na huku. Ikilia, irudishe mdomo ukitazama chini, maji yatoke. Ikikataa, sasa nenda dukani.

Na ukinunua, omba ijaribiwe kwenye betri ya muuzaji kabla ya kulipa. Soma kilichoandikwa: magari madogo ni volti 12, malori mengi ni 24. Honi ya 12 kwenye lori la 24 italia kwa furaha kubwa na kwa muda mfupi. Zile kubwa zenye kompresa ndogo ya upepo, ambazo vijana wanazipenda, hula umeme mwingi kuliko honi ya kawaida. Zinahitaji waya mnene, rilei na fyuzi vyake zenyewe. Kuzibandika kwenye waya wa zamani ni kurudi kwenye moshi. Malori yenye honi za upepo wa breki yana hadithi nyingine: hapo sikiliza kwanza kama upepo unavuja kwenye mpira au valvu, na utazame geji kabla ya kugusa waya wowote.

Usukani si wa kufungua ovyo

Kuna honi inayolia usukani ukiwa umenyooka na kunyamaza ukikata kona, au kinyume chake. Hiyo ni kebo iliyojiviringisha ndani ya usukani, inayopeleka umeme kwenye kitufe huku usukani ukizunguka. Ikikatika, mara nyingi taa ya onyo ya mfuko wa hewa huwaka pia kwenye dashibodi, na vitufe vya redio vya usukani hufa pamoja na honi. Ishara hizo zikikutana, hakuna haja ya kushuka kwenda kutazama honi.

Lakini ndani ya kifuniko hicho cha usukani umo mfuko wa hewa, na unafyatuliwa kwa kilipuzi kidogo. Asiguse mtu kabla hasi ya betri haijachomolewa na kusubiriwa. Vitabu vya Toyota husema si chini ya sekunde 90, na mimi sioni ubaya wa kusubiri dakika kadhaa. Usipime nyaya za humo kwa balbu. Hiyo ni kazi ya fundi umeme, gari likiwa limesimama mjini Koboko au Arua, si ya kufanyia chini ya mwembe huku foleni ikisogea.

Honi inayolia yenyewe bila kubonyezwa, ikakufanya mnafiki mbele ya kila askari, inatulizwa kwa kuchomoa rilei. Kisha weka rilei nyingine. Ikitulia, ile ya kwanza ilishikana. Ikiendelea, kitufe au waya wake umegusa bodi.

Kabla kreti la kwanza halijapanda

Wengi wetu si wenye magari. Tunakodi, na tunafahamu hali ya gari likiwa limekwisha kupakiwa, wakati ambapo kushusha ni hasara. Kwa hiyo jaribio la honi lifanyike kabla, na lisiwe la kubonyeza mara moja. Mwambie dereva awashe injini na taa, akate usukani hadi mwisho kushoto na kupiga honi, akate hadi mwisho kulia na kupiga tena. Halafu mwombe afungue kisanduku cha fyuzi. Huhitaji kuwa fundi kuona waya uliosokotwa mahali pa kipande cha plastiki chenye rangi. Beba fyuzi mbili tatu za ampia 10 na 15 kwenye pochi. Uzito wake haufiki wa kibiriti.

Hajati wa nyanya nilimkuta tena sokoni Arua wiki kadhaa baadaye. Alikuwa amesimama mbele ya gari jingine, mkono kiunoni, na dereva kijana alikuwa akizungusha usukani huku na huku akipiga honi. Wapagazi walikuwa wakicheka. "Mama, inatosha sasa," dereva akamwambia. Akamjibu kwamba bado kulia, apige tena.